Maji ya Kunawa Nyumbani kwa Mwalimu

Vijana wa gereji za Lizaboni, hapa Songea, wananiita Mzee Grisi. Wananicheka kwa sababu nikimaliza kukagua gari la mtu sinawi pale kwake, hata nikiletewa sabuni ya kunukia na taulo. Naondoka na uchafu wangu, napanda baiskeli, usukani wote unakuwa mweusi, nanawa nyumbani kwa mke wangu. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, "Mzee, kwani maji ya watu yana sumu?" Wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Tangu utoto mimi ni mtu wa aibu. Maneno hunifika mdomoni watu wakishaondoka. Ndiyo maana leo naandika. Elimu yangu ni darasa la saba na mkono wangu ni mzito, ukurasa mmoja unaweza kunichukua siku mbili. Mnivumilie.

Sasa mgongo hauniruhusu tena kulala chini ya gari. Lakini bado mnanifuata na swali lile lile: mzee, binti yangu ana miaka kumi na nane, amepata leseni, nataka gari la bei ndogo lisilosumbua, nichague lipi? Nitawaambia ninayoyajua. Ila siwezi kuyasema bila kumtaja Anjela wa Mshangano. Gari la kwanza nililomchagulia kijana lilikuwa lake, na ndilo lililomuua.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Fundi Ngonyani, mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilianza kwake nikiwa tayari nina mke. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla ya hapo gari lilikuwa la serikali, la ushirika au la misheni, na mtu wa kawaida kazi yake ilikuwa kusogea pembeni lipite. Mara milango ikafunguliwa. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kupanda kutoka Dar es Salaam, yakipitia Makambako na Njombe, mengine yakiwa bado na maandishi ya Kijapani mlangoni. Wafanyabiashara, wauguzi, watu waliopunguzwa kazi, wote walitaka gari, na karibu wote hawakujua kulinunua. Ndipo watu wakaanza kumchukua fundi waende naye.

Ngonyani alinifundisha kwamba kukagua kunaanzia kwenye saa. Tulikuwa tunafika kwa muuzaji asubuhi, baridi ya Songea ikiwa bado inang'ata masikio. Hakusalimia gari kabla ya watu. "Shikamoo, habari za hapa, watoto hawajambo?" Wakati akisalimia hivyo, kiganja chake kilikuwa tayari kiko juu ya boneti. Ikiwa ya moto, alikunywa chai akaaga.

"Mbona hujalifungua?" mnunuzi alimlalamikia siku moja njiani.

"Limeshaamshwa," alisema. "Gari bovu likiamshwa mapema linakuwa na adabu. Mimi nataka kuliona linavyoamka lenyewe."

Jambo la pili lilikuwa watoto wa muuzaji. Alikuwa anawauliza, "Haya, nani hapa ni hodari wa kusukuma?" Na watoto, Mungu awabariki, wanapigania sifa. "Mimi! Mimi na Beda! Jana tumesukuma mpaka kwa Padri!" Baba yao anabaki anaangalia miguu yake.

Tulisafiri mpaka Tunduru, siku mbili kwenye basi kwa sababu ya matope, kukagua gari la mfanyabiashara wa korosho. Yule bwana alituapia, "Wallahi, mafundi wangu, gari hili halijaonja shimo." Ngonyani akaangalia barabara tuliyotoka, akaangalia suruali zetu zenye tope mpaka kiunoni. Akasema, "Basi huwa linaruka." Tulipofungua difu, kwenye gia za ekseli ya nyuma, tukakuta maganda ya ndizi, yamewekwa ili meno yaliyolika yasipige kelele. Tulirudi Songea na mikono michafu.

Hilo la mikono lazima nilieleze vizuri. Ngonyani aliona ni utovu wa adabu kumwambia mtu kwamba mali yake imeoza, ukiwa umesimama kwenye uwanja wake na mkewe anasikia. Kwa hiyo hakusema. Akimaliza kukagua na gari likamridhisha, aliomba maji akanawa pale pale. Lisipomridhisha, aliaga na grisi yake mikononi. Mji mzima ulijua. Wauzaji walijua, wanunuzi walijua, hakuna aliyeaibika na hakuna aliyegombana. Alipokufa, mimi niliyerithi spana zake nikairithi na desturi hiyo. Kwa mtu kama mimi, asiyeweza kusema hapana bila kutoka jasho, niliiona kama zawadi.

Mzee Mbawala alinifuata mwaka ule ushirika ulipofunga milango. Alikuwa ameendesha lori la ushirika maisha yake yote, kubeba tumbaku na mahindi. Kustaafishwa kulimkuta macho yameshaanza kufunikwa na ukungu mweupe. Aliona mwanga na vivuli, basi. Alikuwa na binti mmoja tu aliyebaki nyumbani, Anjela, miaka kumi na nane, mrefu, mcheshi, anayetembea kama anachelewa. Baba yake alimfundisha kuendesha kwenye lori, yeye mwenyewe akiwa kiti cha pembeni, akisikiliza gia.

"Nataka gari dogo la mizigo," Mzee Mbawala aliniambia. "Anjela apeleke maharage na mboga sokoni, na ampeleke mama yake hospitali, miguu yake inavimba. Nimeendesha magari tangu ujana wangu, fundi. Sasa masikio yangu ni mazima lakini macho ni wewe."

"Na mimi mnanisahau?" Anjela akaingilia. "Dereva ni nani hapa?"

"Dereva ni wewe, mama. Ila bado hujui gari linavyodanganya."

Nilimpenda mzee yule. Na hapa nianze kuwapa mnayoyataka. Gari la kijana usilichague kwa kuangalia injini kwanza. Mkalishe kijana kwenye kiti. Mguu wake ukanyage klachi mpaka mwisho bila kunyoosha mgongo, na macho yake yaione boneti yote. Anjela tulimkalisha kwenye magari manne. La kwanza lilikuwa na nguvu nyingi, akalipenda sana, nikaondoka na grisi. Gari la mtu anayejifunza linatakiwa kuwa zito la kukimbia na jepesi la kusimama. La pili vipuri vyake havikuwepo Songea, na gari la masikini likikosa kipuri siku moja linageuka banda la kuku. La tatu, zulia lake lilikuwa na tope kavu kwa chini, gari lilishawahi kuingia mtoni. Mzee Mbawala alisimama kila mara akiwa ameelekeza sikio kwangu. Hakuona mikono yangu, kwa hiyo alisubiri kusikia maji. Asipoyasikia, alisema, "Anjela, twende," na Anjela akanuna mpaka tulipofika barabarani.

La nne lilikuwa la Mwalimu Haule, mtaa wa Matarawe.

Mwalimu Haule alinifundisha kusoma. Alinishika mkono wa kuume nikiwa darasa la pili, akauongoza juu ya herufi mpaka zikakubali. Asubuhi mstarini alitukagua kucha, akipita mbele yetu na fimbo nyembamba asiyoitumia. "Nyoosha mikono!" alisema, na mikono ya shule nzima ikatoka mbele kwa pamoja. Sasa alikuwa amestaafu, anarudi kwao Mbinga, na pikapu yake alikuwa anaiuza apate kumalizia nyumba. Aliinunua imeshatumika, na nakuapieni hakujua kilichokuwa chini yake. Yeye alijua tu kuiosha.

Tulifika asubuhi. Boneti ilikuwa baridi. Injini iliamka kwa mara ya kwanza, Mzee Mbawala akainamisha kichwa na kutabasamu. Breki nilizikanyaga nikahesabu mpaka sitini, hazikuzama. Tairi zililika sawasawa isipokuwa moja ya mbele, upande wa ndani. Hilo likanipeleka chini ya gari.

Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, yote ilikuwa na kutu ya kawaida. Mahali pamoja tu, pale boksi ya stelingi, ile inayogeuza magurudumu, inapofungwa, palikuwa na rangi nyeusi. Kumbukeni hili, vijana: rangi mpya mahali ambapo hakuna mtu wa kuiangalia imewekwa kuficha kitu. Niliikwaruza kwa ukucha. Ilikuwa imechomelewa. Nikamwambia Anjela azungushe stelingi kulia na kushoto, gari likiwa limesimama. Alipozungusha, pembeni ya ule uchomeleaji ufa ulifumbuka. Aliporudisha, ukafumba. Kama jicho.

"Bado, fundi?" Anjela aliuliza huko juu.

"Zungusha tena."

Ukafumbuka, ukafumba.

"Ni laini, fundi! Baba, stelingi ni laini kama uji!"

Nilikaa chini pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilijua jibu. Jibu lilikuwa rahisi kuliko majibu yote: nitoke, nisalimie, niage, tuondoke na grisi. Nilikuwa nimefanya hivyo mara tatu wiki ile.

Nilipotoka, Mwalimu alikuwa amesimama mbele yangu. Kwa mkono mmoja ameshika jagi la maji, kwa mkono mwingine beseni. Mkewe alikuwa ameshapanga chakula barazani, ugali na kuku, kwa ajili ya wageni. Alichinja kuku kwa sababu fundi aliyekuja alikuwa mwanafunzi wa mumewe.

"Kijana wangu," Mwalimu alisema. Mimi nilikuwa na watoto watatu. "Nakuona umekuwa mtu. Leo nakunawisha mwenyewe. Nyoosha mikono."

Ikatoka. Mikono yangu ilitoka mbele kama ilivyokuwa ikitoka mstarini. Ningeweza kuirudisha. Naandika hivi ili msidhani nilishtukizwa: kati ya kunyoosha mikono na maji kumwagika palikuwa na nafasi, Mwalimu aliinama kwanza kuliweka beseni sawa juu ya kigoda. Katika nafasi hiyo niliona kwamba nikirudisha mikono, mzee aliyenifundisha kusoma atabaki na jagi hewani, mbele ya mkewe na wageni. Sikuweza kumfanyia hivyo. Nikasema moyoni, nitalirekebisha mwenyewe wiki hii, nitalichomelea upya, nitaliwekea bamba, hakuna atakayejua.

Maji yakamwagika. Yaliingia kwenye beseni la bati kwa kelele.

Barazani Mzee Mbawala akageuza kichwa kuelekea kwenye sauti ile. Uso wake ukafunguka wote. "Haya, Anjela," akasema. "Gari limepatikana."

Anjela alipiga kigelegele mpaka kuku waliobaki wakakimbia.

Tulirudi nalo sisi watatu, Anjela akiendesha, baba yake katikati, mimi mlangoni. Aliendesha vizuri. Taratibu, mikono miwili, anaangalia mbali. Baba yake alimuuliza kila alichokiona barabarani, naye alimtajia: mama mwenye ndoo, baiskeli, mbuzi wawili, mwenzake wa shule aliyemnunia. Nilitafuta maneno njia nzima. Tulipofika Mshangano nikayapata nusu.

"Jumatatu ulilete gereji," nilimwambia. "Nikaze vitu."

"Kuna kibaya?"

"Hapana. Kukaza tu."

Jumapili lilibarikiwa baada ya misa, Padri akalinyunyizia maji ya baraka, mama yake akalifunga kitenge kwenye kioo. Jumatatu mvua ilinyesha. Anjela akanitumia salamu kwa jirani kwamba atakuja Jumatano, kesho ana maharage ya kupeleka. Nilimwambia jirani sawa. Kama ningesema "ufa", angekuja kwa miguu kwenye mvua. Nilisema "kukaza vitu", na kukaza vitu kunasubiri.

Jumanne asubuhi, kwenye mteremko, stelingi ilizunguka bure mikononi mwake. Gari likatoka barabarani likaufuata mkaratusi. Alikuwa peke yake.

Mimi ndiye niliyeitwa kulivuta. Niliangalia chini yake kabla ya kufunga mnyororo. Nilipoufunga mnyororo wenyewe, nilikuwa nimeshaamua kunyamaza.

Msibani watu walisema wanayosema. Mtoto wa kike kupewa gari. Vijana hawajui ila kukimbia. Bibi mmoja alisema alimwona akipita kama upepo, na bibi huyo siku ile alikuwa Peramiho kwa mwanawe. Mama yake Anjela alisikia yote amekaa kwenye mkeka, miguu yake imevimba mbele yake. Alikuwa anasema neno moja tu: "Nilimwambia asikimbie. Nilimwambia asikimbie." Mwalimu Haule alikuja kutoka Mbinga, alikokuwa ameenda kumalizia nyumba. Alilia, akanishika mikono yote miwili. Alikufa bila kujua, na mpaka leo sijui kama hapo nilimtendea wema au ubaya.

Baada ya arobaini Mzee Mbawala alikuja gereji ameshikwa mkono na jirani. Akamwambia jirani amsubiri barabarani.

"Fundi."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulikuwa umeuona?"

Hakusema nini. Mtu aliyeendesha lori maisha yake yote alikuwa ameshaipapasa chesisi ile kwa vidole vyake.

"Niliuona," nikasema.

"Ukanawa."

"Nikanawa, baba."

"Nilisikia maji. Hata ungekohoa tu, fundi. Ningemshika mwanangu mkono tukaondoka."

Akaendelea, sauti yake imeshuka. "Wanasema alikimbia. Nimemfundisha mimi, mguu wake naujua. Lakini mimi nikisema, wataona baba anamtetea mwanawe. Wewe ni fundi. Mwambie mama yake, halafu uwaambie watu. Usimtaje Mwalimu kwa ubaya, taja chesisi."

"Nitasema, baba."

"Lini?"

Alisubiri jibu kama alivyokuwa anasubiri maji. Kisha akamwita jirani.

Alikufa mwaka uliofuata. Na mimi sikusema. Jumapili moja nilifika mpaka mlango wa mama yake, akanikaribisha, akanipa mfuko wa mahindi mabichi, nikashukuru nikarudi. Nikaenda tena na kurudi tena. Nilichofanya ni kuacha kunawa kwa watu, kana kwamba hiyo ni adhabu. Na tangu hapo gari likiwa bovu nilisema kwa mdomo, mbele ya mwenyewe, jasho likinitoka. Wengi walinichukia. Mmoja alinifukuza na panga. Lakini kwa mama yake Anjela mdomo haukufunguka.

Basi, vijana, mkinunua gari kwa ajili ya mtoto, mambo ya boneti na difu na zulia nimewapa, na mengine fundi yeyote atawaambia. Langu ni hili. Lala chini mwenyewe, kijana azungushe stelingi, uangalie. Fundi wako akitoka chini ya gari, usimwangalie mikono. Mwulize: mwanangu apande hili au asipande? Usiondoke mpaka ametamka. Na wewe fundi, mwenye gari awe mwalimu wako, awe padri, awe baba mkwe, tamka. Aibu ya kumwacha mtu na jagi hewani inaisha siku ile ile.

Niliishia hapo, nikadhani nimemaliza. Nilipoyasoma tena niliona nimewaambia ninyi nisiowajua kabla ya kumwambia anayehusika. Kwa hiyo haya ya mwisho nimeyaongeza baadaye.

Jumamosi nilichukua daftari hili nikaenda Mshangano. Mama yake Anjela sasa ni mzee sana, haendi mbali na mlango. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na vitabu, umekuwa mwalimu?"

"Kuna kitu nimeandika. Hujui kusoma, mama, na mimi sijui kusema. Nitakusomea."

Akacheka. "Haya, soma."

Nilisoma kuanzia juu mpaka chini, kwa kukwama, kidole kikifuata mstari. Kwenye watoto wa kusukuma gari alicheka. Kwenye Matarawe mikono yake ilisimama juu ya mahindi. Niliposoma ufa hakuniangalia. Niliposoma maji, hakuniangalia. Nilifika mwisho nikafunga daftari, nikasubiri anifukuze.

Kuku akaja akaanza kudonoa kwenye ungo, na mama hakumfukuza.

"Kwa hiyo hakukimbia," akasema.

"Hakukimbia, mama."

"Pale ulipoandika anaendesha. Na baba yake katikati. Rudia hapo."

Nikafungua, nikatafuta mstari. Nikasoma: Aliendesha vizuri. Taratibu, mikono miwili, anaangalia mbali.

"Rudia," akasema.